Creighton hakuvumbua hoki jamani

Kila msimu lazima nikutane na mtu wa kuniambia kwamba hoki ya barafu ilivumbuliwa na yule injinia wa Kanada, James Creighton, na mimi kama refa nimechoka kuitikia tu. Darwin, ndiyo yule yule wa mageuzi, mwaka 1853 alimwandikia mwanawe kwamba zamani alipenda sana kucheza hoki kwenye barafu. Creighton wakati huo ana miaka miwili Halifax, sasa kavumbua akiwa na nepi?

Maisha yake fasta fasta: kazaliwa 1850, kasoma Dalhousie, kafanya kazi za reli chini ya Sandford Fleming, akahamia Montreal kwenye mambo ya mifereji na bandari, baadaye akasomea sheria McGill na kuanzia 1882 hadi anafariki 1930 alikuwa mwanasheria wa Seneti, Ottawa. Haya.

Alichofanya kweli ni mechi ya tarehe 3 Machi 1875, ndani ya Victoria Skating Rink, ukumbi wa kuteleza kwenye barafu huko Montreal, wachezaji tisa kila upande, na badala ya mpira wakacheza na kipande cha mbao, bapa, cha duara. Hapo kwenye mbao ndipo watu wanaparuka wakati ndipo penye utamu wote! Ukicheza kwenye ziwa lililoganda, mpira ukiruka unaufuata tu huko ulikoenda, ila ukumbini kuna watu wamekaa pembeni na wengine walishaanza kuogopa kupigwa usoni, mpaka gazeti la Montreal, Gazette, siku ile ile ikabidi iwatoe hofu kwamba hicho kibao hakiinuki kwenye barafu. Kwa hiyo kisahani tunachopiga leo kilianza kama suala la usalama wa watazamaji, na hiyo ndiyo akili ya injinia. Uwanja wenyewe ulikuwa kama futi 204 kwa 80, NHL, ligi kubwa ya hoki ya Amerika Kaskazini, leo ni 200 kwa 85, hatujaenda mbali. Timu yake ikashinda 2-1, kisha zikapigwa ngumi na watu wa klabu ya skeiti waliotaka barafu yao.

Sheria za hoki za 1877 nazo anapewa yeye. Mimi naona alihusika, ila ushahidi ni mwembamba, jina lake halimo, na nyingi zimenakiliwa karibu neno kwa neno kutoka sheria za mpira wa magongo wa nyasini wa Uingereza. Humo kutoa pasi mbele hakuna, aliyeko mbele ya kisahani kaotea, basi. Nikipuliza filimbi kwa sheria hiyo Jumamosi hii wazazi watanirarua.