Upasuaji wa Mgongo: Kwa Nini Ganzi Huchaguliwa kwa Kuangalia Neva

Wagonjwa wanaosubiri kupasuliwa mgongo hutuuliza mara nyingi: "Kwa nini nisichomwe sindano ya ganzi mgongoni, kama mama anayejifungua kwa upasuaji?" Swali ni la msingi. Kwa upasuaji mfupi wa kiuno, mfano kuondoa diski inayobana neva, ganzi hiyo inaweza kutosha. Lakini panapowekwa skrubu na vyuma, au mgongo uliopinda unaponyooshwa, hatuitumii, maana huzima mawasiliano ya neva ambayo tunataka kuyafuatilia muda wote.

Mwaka 1973 madaktari wa Ufaransa, Stagnara akiwa mmoja wao, walieleza njia ya kumwamsha mgonjwa katikati ya upasuaji na kumwambia achezeshe miguu, ili kuona kama neva zake bado ni nzima. Leo mashine hutufanyia kazi hiyo huku mgonjwa akiwa usingizini. Umeme mdogo hupitishwa kwenye kifundo cha mguu, na sindano nyembamba kichwani husoma kama taarifa imefika kwenye ubongo. Kisha umeme hutolewa kichwani, na misuli ya miguu ikaitikia. Tunapima njia zote mbili kwa sababu ile ya hisia hupita nyuma ya ugwe wa mgongo (fungu la neva lililo ndani ya uti wa mgongo) na ile ya mwendo hupita sehemu nyingine. Moja inaweza kuumia nyingine ikabaki nzima. Umeme huo wa kichwani hukaza taya ghafla, kwa hiyo tunaweka vitambaa laini kati ya meno ili ulimi usijeruhiwe.

Hapa ndipo dawa zinapoamua mambo. Gesi za usingizi hufifisha majibu ya misuli, na dawa za kulegeza misuli huyafuta kabisa. Kwa hiyo mara nyingi tunamlaza mgonjwa kwa propofoli, dawa ya usingizi ya mshipani, pamoja na dawa kali ya maumivu, na ya kulegeza misuli tunaitumia mwanzoni tu, tunapoingiza mpira wa kupumulia. Taarifa ya hisia ikipungua kwa nusu, kazi husimama: tunapandisha shinikizo la damu, tunakagua nyaya na joto la mwili, na mpasuaji hulegeza alichokaza mwisho.

Ganzi ya sehemu bado ina nafasi yake. Tangu 2016 inajulikana sindano inayoelekezwa kwa ultrasaundi chini ya misuli ya kando ya uti wa mgongo. Dawa hukaa nje ya mfereji wa ugwe, hivyo kwa kawaida vipimo huendelea, na mgonjwa huamka na maumivu machache. Kwa maoni yangu inastahili kuulizwa katika kila upasuaji mkubwa wa mgongo.

Kabla ya siku hiyo, mweleze daktari wa usingizi kama una kifafa, kifaa cha kusaidia moyo, chuma kichwani au jino linalolegea. Mwambie pia kama mguu mmoja tayari ni dhaifu, maana majibu yake yatakuwa hafifu tangu mwanzo.