Angalia kinachotangulia kwenye mafuta

Nafundisha upishi wa nyumbani, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: nifanyeje chakula changu kiwe na ladha ya Thailand, ya Mexico au ya Italia, bila kununua chupa nyingi za sosi zitakazokaa kabatini mpaka tarehe zipite? Jibu langu halibadiliki. Angalia kitu gani kinatangulia kwenye mafuta, na kitu gani kinatia uchachu mwishoni. Cha katikati, yaani kuku, samaki, mayai, bilinganya, ni kilekile dunia nzima.

Harufu ya viungo vingi huyeyuka vizuri zaidi kwenye mafuta kuliko kwenye maji, na ukali wa pilipili vivyo hivyo. Bizari nyembamba ukiitupa kwenye mchuzi unaochemka inabaki chengachenga chini ya sufuria. Ianze kwenye mafuta ya moto kwa sekunde chache tu, hadi inukie, utaikuta kwenye kila kijiko. Ndiyo sababu kila jiko lina msingi wake. Waitalia huanza na kitunguu, karoti na seleri. Wapishi wa Louisiana, Marekani, wameitoa karoti na kuweka hoho. Wachina wana tangawizi, saumu na majani ya kitunguu.

Nasi mijini tuna wetu: kitunguu, saumu, karoti, hoho, nyanya, halafu unga wa kiungo wa paketi. Ni mtamu, sina ugomvi nao. Ila ukishaanza hivyo umepika mchuzi wa nyumbani, hata ukimalizia na sosi ya soya nusu chupa. Wengi wanaoniletea chakula nionje hawajapungukiwa na kiungo chochote, wamezidisha. Kuacha kitu nje ya sufuria ni kazi ngumu kwa mpishi aliyezoea kuunga kila mboga kwa nyanya.

Nianze na mchuzi wa kijani wa Thailand, maana mtu wa pwani karibu kila kitu anacho, isipokuwa utaratibu. Kwetu ukishakuna nazi unakamua tui zito, unaliweka pembeni, kisha unarudia chicha kwa maji upate tui jepesi. Kuku anaivia kwenye jepesi. Zito linaingia mwisho, moto mdogo, mwiko haupumziki, kwani tui likikatika mbele ya wakwe utalisikia hilo miaka. Thailand wanakwenda kinyume. Tui zito ndilo linalotangulia sufuriani, peke yake, na linaachwa likatike kwa makusudi.

Tui ni matone ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, yakishikiliwa na protini za nazi. Joto likizidi protini zinagandana, maji yanapungua na mafuta yanajitenga. Simama jikoni usikilize. Mwanzo utasikia mchemko wa kawaida, mapovu makubwa meupe. Baada ya dakika kadhaa mapovu yanakuwa madogo, tui linakuwa zito, sauti inageuka na kuwa ya kitu kinachokaangwa, na pembeni mwa sufuria yanatokea mafuta yanayong'aa. Hapo ndipo unatia kiungo chako kilichotwangwa, unakikaanga kwenye mafuta hayohayo ya nazi mpaka harufu ya ubichi iishe. Kama unatumia tui la boksi, mengi yametiwa vitu vya kulizuia lisijitenge. Litaganda na kukutazama tu. Ongeza kijiko cha mafuta ya kupikia uendelee na kazi.

Kiungo chenyewe: pilipili mbichi za kijani, mchaichai, saumu, vitunguu vyekundu vidogo, kipande cha tangawizi, ganda la ndimu lililoparuzwa ile kijani peke yake, giligilani na bizari nyembamba zilizokaangwa kavu, na mizizi ya kotmiri. Mizizi hiyo wauza mboga wengi huikata na kuitupa, kwa hiyo waambie mapema wakuachie. Mchaichai tumia ile sehemu ya chini, nyeupe na laini. Majani ya juu yabaki kuwa ya chai. Wathai wenyewe hutumia khulinjani, mzizi ulio ndugu wa tangawizi, panapo tangawizi, na harufu zake si moja, lakini chakula cha usiku wa Jumanne hakidai ukamilifu. Twanga vigumu kwanza pamoja na chumvi, maana chumvi husaidia kusaga, kisha vya majimaji. Blenda pia inafaa, ila usiongeze maji, ongeza tui.

Baada ya kuku kuingia na kugeuka rangi, mimina tui jepesi, tia ngogwe changa zilizokatwa vipande, sukari guru kidogo, chumvi. Majani ya mrehani yanaingia moto ukishazimwa. Nyanya hapa haina kazi. Wala bizari ya manjano. Mchuzi utatoka na madoa ya mafuta ya kijani juu yake, na mama mkwe anaweza kusema tui limekatika. Ni kweli, limekatika.

Cha pili ni kiporo. Wali wa jana ni mali, na Waindonesia wanalijua hilo kuliko sisi. Nasi goreng yao ni wali uliolala, ukakaangwa kwa moto mkali, ukawekewa yai la kukaanga juu. Wali wa moto haufai: wanga wake bado ni laini na una maji, ukiukoroga kikaangoni unakuwa bokoboko. Ukipoa na kulala kwenye friji wanga unajipanga upya na kukaza, punje zinaachana. Lakini wali usilale juu ya meza. Kuna bakteria, Bacillus cereus, ambaye mbegu zake haziuawi na kuchemshwa. Wali ukikaa kwenye joto la chumba zinachipua na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Utandaze kwenye sinia upoe haraka, kisha friji.

Msingi wa nasi goreng ni vitunguu vidogo, saumu, pilipili, na terasi, yaani uduvi uliovundikwa kwa chumvi na kukandwa. Terasi huku ni shida kuipata. Uduvi wakavu je? Wanauzwa kwa vipimo masoko ya pwani. Waoshe mchanga utoke, wakaushe, wakaange kavu mpaka wanukie, uwatwange pamoja na vitunguu. Si sawasawa na terasi, kwa kuwa hawakuvundikwa, ila ule utamu wa nyamanyama usio wa sukari wala chumvi unaupata. Utamu huo una jina la kisayansi tangu 1908, alipoutenga mkemia wa Kijapani Kikunae Ikeda kutoka kwenye mchuzi wa mwani wa kombu. Akakuta chanzo chake ni glutamati, akauita umami. Dagaa wakavu wana mwenzake glutamati, inosinati, na viwili hivyo vikikutana ladha inakua kuliko kila kimoja kikiwa peke yake. Bibi aliyeunga mboga ya majani kwa dagaa na nyanya alikuwa analifanya jambo hilo hilo bila maabara.

Kikaango kiwe cha moto kweli kabla hujatia chochote, na pika wali wa watu wawili kwa mara moja, usijaze. Wengine wasubiri. Ukijaza, joto linashuka na wali unapikwa na mvuke wake. Sosi ya soya iliyochanganywa na sukari guru imiminie ukingoni mwa kikaango, si juu ya wali, ili iungue kidogo kwanza. Tango na nyanya mbichi pembeni, basi.

Kama huna muda kabisa, shakshuka. Ni chakula cha Afrika Kaskazini, na hapa nyanya ndiyo mwenyewe, kwa hiyo waliokasirishwa na maneno yangu ya juu watatulia. Mafuta, kitunguu na hoho mpaka vilegee kabisa, saumu, bizari nyembamba ya unga, paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyo kali), kisha nyanya nyingi. Acha zikauke mpaka ukipitisha mwiko njia yake ibaki wazi sekunde moja au mbili. Chimba vishimo, pasulia mayai humo, funika. Usikoroge. Ute ukishakuwa mweupe na kiini bado kinacheza, ondoa, ule na boflo.

Spageti za saumu za Naples nazitaja kwa ajili ya kitu kimoja tu. Vipande vyembamba vya saumu vinaanza kwenye mafuta ya zeituni yaliyo baridi, moto mdogo, pamoja na pilipili kavu. Vikiwa kahawia vimeshakuwa vichungu na hakuna cha kuviokoa. Spageti zinachemshwa kwenye maji yenye chumvi, kama gramu 10 kwa lita, na zinatolewa kabla hazijaiva sawasawa. Zinamalizia kuiva ndani ya yale mafuta pamoja na upawa wa maji yake, kwa sababu wanga uliomo unayashika mafuta yasijitenge. Koroga kwa nguvu hadi mchuzi uwe mzito. Nyumbani utaulizwa mboga iko wapi. Pika na mchicha pembeni, amani iwepo.

Kuhusu uchachu sina mengi: ndimu kwa Thailand na Mexico, na isichemke, kamulia mezani; ukwaju kwa michuzi ya samaki ya Indonesia na kwa tambi za mchele za Kithai; siki kwa Ufilipino, wanakopika kuku kwa siki, sosi ya soya, saumu na majani ya mbei mpaka mchuzi ukauke.

Mexico wengi wanaiogopa bure. Maharage ya jana yaponde kwenye mafuta yaliyokaangiwa kitunguu, yakaushe yawe rojo zito. Kachumbari yako ya nyanya, kitunguu, pilipili, kotmiri na ndimu ndiyo hiyohiyo yao, toa tango na karoti tu. Tatizo ni mkate. Tortila ya mahindi haitatoka kwenye unga wa ugali, hata ukande vipi: mahindi yao huchemshwa kwanza na chokaa, na bila hatua hiyo donge halishikamani, linapasuka ukilisukuma. Ila kaskazini mwa Mexico wanakula tortila za ngano, na hizo unaziweza leo. Kanda unga wa chapati na mafuta kidogo, acha upumzike nusu saa, sukuma nyembamba bila kuzungusha wala kupaka mafuta katikati, choma kwenye chuma kikavu upande mmoja hadi mwingine, na zifunike kwa kitambaa zikiwa bado za moto, la sivyo hazitakunjika.