Je, wajua kwa nini mji mkuu wa Gozo una majina mawili?

Ukishuka feri bandarini Mġarr, kisiwani Gozo nchini Malta, kibao cha basi kinasema Victoria. Mwulize mwenyeji basi linaelekea wapi, atakujibu Rabat. Kibao hakijakosea, wala mwenyeji hajakosea: ni mji mmoja, katikati ya kisiwa chenye eneo la kilomita za mraba 67 hivi.

Rabat ndilo jina la zamani. Enzi za Warumi mji ulianzia juu ya kilima na kuteremka hadi chini, nao uliitwa Gaulos kama kisiwa chenyewe. Waarabu waliviteka visiwa vya Malta mwaka 870, na katika zama zao mji ukakatwa: juu pakabaki ngome yenye ukuta na handaki, na sehemu iliyoachwa nje ikawa rabad, yaani kiunga. Mambo yalikuwa hayo hayo kwenye kisiwa kikubwa cha Malta, ambako mji wa Melite uligawanyika ukawa Mdina, ambayo ni madina, yaani mji, na kiunga chake Rabat. Ndiyo maana nchi ndogo namna hii ina Rabat mbili. Ile ya Morocco haimo katika ukoo huu. Jina lake latokana na ribat, yaani ngome.

Athari za Waarabu hazikuishia kwenye majina. Katika makumbusho ya akiolojia ndani ya ngome ya Gozo lipo jiwe la kaburi la msichana aitwaye Maimuna, aliyefariki mwezi wa Shaabani mwaka 569 Hijria, sawa na 1174. Limechongwa kwa Kiarabu juu ya marumaru iliyokwisha kutumiwa na Warumi. Jina lake halitamshangaza mtu wa Lamu au Unguja.

Kiunga hicho hakikukua haraka, na sababu ni hofu. Julai 1551 jeshi la majini la Waosmani, yaani dola ya Waturuki, likiongozwa na Sinan Pasha akiwa pamoja na haramia Dragut, liliipiga ngome kwa mizinga. Ngome ilikuwa imechakaa, ukuta wake haukujengwa kuhimili mizinga, na baada ya siku chache ikasalimu amri. Watu kati ya 5,000 na 6,000, karibu kisiwa kizima, walichukuliwa utumwani. Kuta za upande wa kusini zilijengwa upya kuanzia 1599, na hadi 1637 sheria iliwataka wakazi walale ndani ya ngome kila usiku. Nani angejenga nyumba nzuri nje, mahali asiporuhusiwa kulala? Amri ilipoondolewa, watu wakahamia chini na Rabat ikatanuka.

Victoria ilikuja mwaka 1887, Malta ikiwa koloni la Uingereza. Malkia Victoria alikuwa akiadhimisha miaka 50 ya kutawala, na Askofu Pietro Pace akaomba Rabat ipewe hadhi ya jiji pamoja na jina la malkia. Ndiye yule yule aliyebandikwa kwenye ziwa letu la Nyanza. Jina likaingia kwenye ramani na nyaraka za serikali, lakini si midomoni mwa watu. Wamalta wana mazoea hayo: mji wa Birgu, kwenye kisiwa kikubwa, ulipewa jina la Vittoriosa baada ya kuhimili mazingiwa ya Waosmani mwaka 1565, na hadi leo wenyewe husema Birgu.

Kwa msafiri, kosa la kawaida ni kusema “Rabat” tu akiwa kisiwa kikubwa. Ataelekezwa kwenye ile iliyo jirani na Mdina. Sema Victoria, au Rabat ya Għawdex, jina la Gozo kwa Kimalta. Hutamkwa “Audesh”: għ haisikiki, na x ni sh. Kisha panda basi la Ċirkewwa, bandari ambako feri huvuka hadi Gozo kwa dakika 25 hivi.