Glasgow, manowari ya Sultani: yanayosemwa na yaliyotokea

Zipo picha za zamani za bandari ya Unguja zinazoonyesha milingoti mitatu imechomoza majini mbele ya Forodhani. Meli yenyewe haionekani, imelala chini. Milingoti hiyo ilikaa hapo miaka 16, na kila aliyeingia bandarini aliiona kabla hajaona kitu kingine. Leo, vikitajwa vita vya Zanzibar na Waingereza vya tarehe 27 Agosti 1896, vile vya dakika 38, meli ile, Glasgow, hupewa sentensi moja tu, na mara nyingi sentensi hiyo ina makosa. Inaniuma, kwa sababu waliokuwa ndani yake walifanya jambo zito asubuhi ile.

"Glasgow ilikuwa meli ya Waingereza."

Jina ndilo linalowapoteza watu. HHS Glasgow (HHS ni kifupi cha Kiingereza cha "Meli ya Mtukufu Sultani", kama HMS ilivyo kwa meli za kivita za Uingereza) ilikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, chini ya bendera yake nyekundu. Kisa chake kinaanza na kimbunga cha Aprili 1872, kilichong'oa minazi na mikarafuu ya Unguja na kuvunja karibu meli zote za Sayyid Barghash, Sultani wa wakati ule. Mwaka uliofuata, frigeti, yaani manowari ya ukubwa wa kati, ya Kiingereza iitwayo HMS Glasgow, ya mbao, yenye matanga na injini ya moshi, ilitia nanga Unguja. Barghash alialikwa kuikagua, ikamkaa moyoni. Akaagiza meli yake ya mtindo huo huo kwenye kiwanda cha William Denny na nduguze, mjini Dumbarton, Scotland. Ikashushwa majini mwaka 1878 ikiwa na jina lile lile.

Wengine husema ilikuwa zawadi ya Malkia Victoria. Meli ilinunuliwa. Barghash aliilipia zaidi ya pauni 32,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Na ikumbukwe kwamba mwaka ule ule wa 1873 ndio Waingereza walimlazimisha kufunga soko la watumwa, wakimtishia kukizingira kisiwa kwa manowari. Kwa hiyo alipoagiza meli ya namna ile alikuwa ameshaonja maana ya kuwa na bandari na kukosa manowari.

"Ilikuwa manowari kamili, iweje ishindwe haraka hivyo?"

Hapa ndipo pa kukaa kidogo. Kwa umbo, Glasgow ilifanana na frigeti. Kwa kazi, ilikuwa meli ya fahari ya Sultani, ndefu kama mita 64, mbavu za chuma na mbao za msaji. Ilikuwa na mizinga 7 ya kurusha kombora la ratili 9 na bunduki moja ya Gatling, ile ya mitutu mingi inayozungushwa kwa mkono. Miaka mingi ilikuwa imetia nanga tu mbele ya mji.

Mizinga ile ilijazwa kwa mdomoni. Baruti inaingizwa kwanza, kombora linafuata, vyote vinashindiliwa kwa mti mrefu, kisha mzinga unasukumwa mbele na kuwashwa. Ukilia, unarudi nyuma kwa kishindo, unapanguswa ndani, kazi inaanza upya. Kombora lenyewe lina uzito wa kilo 4 hivi, mtu mmoja analibeba kwapani.

Mbele yao ilisimama HMS St George, meli ya Admeri Harry Rawson, kamanda wa Waingereza, yenye tani zaidi ya 7,000. Mizinga yake 10 ya inchi 6 ilijazwa kwa nyuma, upesi, na kila kombora lilikuwa na kilo 45, karibu mfuko mzima wa saruji. Juu ya hiyo ilibeba miwili mikubwa zaidi ya inchi 9.2. Pembeni yake zilikuwepo manowari nyingine za Kiingereza: Philomel, Racoon, Thrush na Sparrow. Glasgow ilijengwa miaka 18 nyuma, na katika miaka hiyo 18 mizinga ya dunia ilikuwa imebadilika kabisa. Anayesema meli ile "ilishindwa haraka" awaulize kwanza mabaharia wake walikuwa na nini mikononi.

"Glasgow ndiyo iliyoanza kupiga."

Sivyo. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti, na Khalid bin Barghash, mtoto wa yule yule aliyeinunua meli, akaingia ikulu bila ridhaa ya Waingereza, ambao walimtaka Hamoud bin Mohammed. Wakampa muda wa kutoka mpaka saa 3 kamili asubuhi ya tarehe 27. Hakutoka. Saa 3:02 manowari za Kiingereza zilianza kuipiga ikulu, na Thrush ikazamisha pia boti mbili ndogo za moshi. Glasgow ilifungua mizinga yake kwenye saa 3:05, ikiielekeza St George. Yaani ikulu ya bwana wao ilikuwa tayari inaporomoka mbele ya macho yao, nao wakaamua kuilenga meli kubwa kuliko zote pale bandarini. Mimi nauona ushujaa hapo, na sijui kwa nini hatuusemi.

"Ilizama papo hapo na watu wake wote."

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. St George ilijibu, na Glasgow ikatobolewa chini ya mstari wa maji. Ilipokuwa haina tena la kufanya, mabaharia wake walipandisha bendera ya Kiingereza kuonyesha kwamba wamesalimu amri, na boti za Waingereza zikaja kuwachukua. Walioshukia kwenye boti zile walishuka wakiwa hai.

Meli nayo haikwenda chini mara moja. Mizinga ilinyamaza kabla ya saa 4 kasorobo, Khalid akiwa ameshakimbilia ubalozi wa Wajerumani. Glasgow iliendelea kuelea, ikinywa maji polepole, hadi kwenye saa 4:45. Vita vilikwisha, na saa nzima baadaye watu wa mjini waliokuwa ufukweni walikuwa bado wanaitazama ikididimia mpaka ikabaki milingoti.

"Vita vya dakika 38, kitu cha kuchekesha."

Kwa hesabu iliyotolewa wakati ule, upande wa Zanzibar waliokufa na kujeruhiwa ni kama 500. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja, ndani ya Thrush, naye akapona. Ndani ya ikulu na kandokando yake walikuwa watu karibu 2,800: walinzi, raia waliojitokeza, watumishi na watumwa, wengi wakiwa nyuma ya maboksi na marobota waliyoyafanya ngome. Makombora yalipopiga mbao, moto ukashika. Nikisikia swali la "vita vifupi kuliko vyote duniani" likiulizwa kwenye mashindano ya maswali huku watu wakicheka, nawakumbuka hao.

"Yale mabaki ya bandarini ni ya Pegasus."

Ni meli mbili tofauti. HMS Pegasus ilikuwa kweli ya Waingereza, na ilishambuliwa na manowari Königsberg ya Wajerumani alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, ikiwa inatengenezwa injini zake. Mabaharia wake zaidi ya 30 walikufa, na baadhi wamezikwa Chapwani, kisiwa kidogo mkabala na Mji Mkongwe.

Lakini mwaka ule wa 1914 milingoti ya Glasgow ilikuwa haionekani tena. Miaka miwili kabla, mwaka 1912, meli ilikatwakatwa pale pale ilipolala, na vipande vyake vikatupwa baharini. Khalid, ambaye Wajerumani walimtorosha hadi Dar es Salaam mwezi Oktoba 1896, hakuwepo kuliona hilo. Waingereza walimkamata Dar es Salaam mwaka 1916 wakampeleka uhamishoni, na alifia Mombasa mwaka 1927.