Pembe nne za siasa za Visiwa vya Faroe

Kila Wafaroe, watu wa visiwa vya Atlantiki ya Kaskazini vilivyo ndani ya ufalme wa Denmark, wanapopiga kura, kuna swali ambalo lazima nitaulizwa: wameshinda wanaotaka uhuru, au wanaotaka kubaki na Denmark? Nimefuatilia chaguzi za nchi ndogo kwa miaka kadhaa, na swali hilo silibezi, maana hata mimi nilianza nalo. Ila matokeo yenyewe hayalijibu.

Tazama uchaguzi wa Agosti 2019. Fólkaflokkurin kilipata viti 8, Tjóðveldi 6, Framsókn 2 na Sjálvstýri 1. Jumla ni viti 17 kati ya 33 vya bunge, vyote vya vyama vinavyotaka visiwa vijitawale zaidi au vijitenge kabisa. Kwa hesabu hiyo mtu angesubiri serikali ya wapigania uhuru. Badala yake, løgmaður, yaani waziri mkuu, alikuwa Bárður á Steig Nielsen wa Sambandsflokkurin. Jina la chama hicho lina maana ya chama cha muungano, na tangu kilipoanzishwa mwaka 1906 hoja yake kuu imekuwa kubaki ndani ya ufalme wa Denmark. Na mshirika wake mkubwa serikalini alikuwa Fólkaflokkurin, chama cha uhuru kilichompita kwa kiti kimoja.

Ukiwapanga Wafaroe kwenye mstari mmoja, uhuru huku na muungano kule, serikali hiyo haieleweki. Wapange kwenye mraba. Upande mmoja kuna swali la Denmark. Upande wa pili kuna swali la mfuko: kodi, ustawi wa jamii, na nani anufaike na samaki. Vyama vinne vikubwa vimekaa kila kimoja kwenye pembe yake. Sambandsflokkurin ni mrengo wa kulia na muungano. Fólkaflokkurin ni mrengo wa kulia na uhuru. Javnaðarflokkurin, chama cha kisoshalisti cha kidemokrasia kilichozaliwa 1925, ni mrengo wa kushoto na kwa kawaida kinaelekea kwenye muungano. Tjóðveldi, yaani jamhuri, kilichozaliwa 1948, ni mrengo wa kushoto na uhuru kamili. Serikali ya 2019 ilikuwa basi serikali ya mrengo wa kulia. Swali la Denmark liliwekwa kando ili la mfuko lipate majibu.

(Msomaji wa Unguja au Dar es Salaam asikie neno muungano hapa kwa maana ya Wafaroe wenyewe. Faroe haikuungana na Denmark kwa mkataba wa nchi mbili kama ilivyokuwa 1964. Ilirithiwa pamoja na taji.)

Mizizi ya mraba huu ni mirefu, na sehemu hii naipenda kuliko zote. Tarehe 26 Desemba 1888 watu walikusanyika Tórshavn, mji mkuu, kuitetea lugha ya Kifaroe, wakati shuleni na kanisani Kidenmark ndicho kilichotawala. Kutoka kwenye vuguvugu hilo la lugha akainuka Jóannes Patursson, mkulima wa Kirkjubøur, ambaye madai yake ya kujitawala ndiyo yaliyowagawa Wafaroe kati ya Sambandsflokkurin na Sjálvstýri. Kwa hiyo siasa ya vyama ilianza na lugha na Denmark. Swali la tabaka na mishahara lilikuja baadaye, wavuvi walipopata chama chao. Ni safu mbili za historia zilizolaliana, na hakuna iliyoifuta nyingine.

Halafu ukaja mwaka 1946. Wakati wa vita Denmark ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, nao Waingereza wakaishika Faroe tangu Aprili 1940. Kwa miaka mitano visiwa vilijiendesha bila Copenhagen, na meli zao zikapeleka samaki Uingereza chini ya bendera yao wenyewe. Septemba 1946 ikapigwa kura ya maoni, na wanaotaka kujitenga wakaongoza kwa tofauti isiyofika kura 200. Kura zilizoharibika zilikuwa nyingi kuliko tofauti hiyo. Løgting, bunge la visiwa, likatangaza kujitenga, mfalme akalivunja, na katika uchaguzi wa Novemba wapenda muungano wakapata wingi. Suluhu ilikuwa sheria ya kujitawala ya 1948, ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa uhusiano wao. Ndiyo maana nasema kila kura ya Faroe ina kivuli cha 1946: kila upande una haki ya kuamini kwamba nusu ya nchi iko nao.

Wapo waliojaribu kutawala kwa swali la Denmark. Mwaka 1998 Anfinn Kallsberg wa Fólkaflokkurin aliunda serikali na Tjóðveldi na Sjálvstýri, kulia na kushoto pamoja, kwa ajili ya uhuru. Kura ya maoni ilipangwa ifanyike Mei 2001. Waziri mkuu wa Denmark, Poul Nyrup Rasmussen, akasema wakijitenga ruzuku wanayopewa na Denmark itakwisha ndani ya miaka minne. Kura ikafutwa. Kwa maoni yangu, tangu siku hiyo pembe za kulia na kushoto ndizo zinazovuta kwa nguvu zaidi, ingawa sheria ya 2005 iliwapa Wafaroe njia ya kuchukua mamlaka zaidi kutoka Copenhagen, hatua kwa hatua.

Sasa hesabu. Hadi 2008 kulikuwa na majimbo saba, na kisiwa chenye watu wachache kilipata sauti kubwa kuliko idadi yake. Uchaguzi wa Januari 2008 ulikuwa wa kwanza ambapo nchi yote ni jimbo moja lenye viti 33. Unapiga kura kwa chama au kwa mtu ndani ya orodha ya chama. Nchi ina watu takriban 54,000, na kati ya wenye haki ya kupiga kura karibu tisa katika kumi hujitokeza, kwa hiyo kiti kimoja kinagharimu karibu kura 1,000. Hapo ndipo ukoo, kijiji na klabu ya mpira vinapoingia: mgombea anaweza kuwajua kwa majina wengi wa waliompeleka bungeni. Kaj Leo Johannesen, løgmaður kuanzia 2008 hadi 2015, aliwahi kuwa golikipa wa timu ya taifa.

Wingi ni viti 17, na serikali kadhaa zimesimama kwenye 17 hasa. Mtu mmoja akihama, nyumba inatikisika. Mwaka 2017 Sonja Jógvansdóttir alijiondoa Javnaðarflokkurin kwa sababu ya mageuzi ya sheria ya uvuvi, na serikali ya Aksel V. Johannesen, kiongozi wa chama hicho, ikapoteza wingi wake. Novemba 2022 Bárður á Steig Nielsen alimfukuza uwaziri Jenis av Rana, kiongozi wa Miðflokkurin, chama cha Kikristo chenye viti viwili, katika mvutano juu ya haki za wazazi wa jinsia moja. Miðflokkurin kikatoka, 17 zikawa 15, na uchaguzi ukaitishwa.

Ulifanyika tarehe 8 Desemba 2022. Javnaðarflokkurin 9, Sambandsflokkurin 7, Fólkaflokkurin 6, Tjóðveldi 6, Framsókn 3, Miðflokkurin 2. Sjálvstýri, chama cha Patursson, hakikufikisha sehemu moja ya 33 ya kura inayotakiwa, kikabaki nje ya bunge. Safari hii vyama vya uhuru vilishuka hadi viti 15, na bado Tjóðveldi kikaingia serikalini chini ya Aksel V. Johannesen, pamoja na Framsókn. Hesabu ya uhuru ilishuka, chama kinachoutaka uhuru kuliko vyote kikaingia madarakani. Mrengo wa kushoto ulikuwa umeshinda, basi.

Wiki chache kabla ya hapo Wafaroe walikuwa wamepiga kura nyingine, ya bunge la Denmark, ambako wana viti 2 kati ya 179. Denmark ilipiga kura tarehe 1 Novemba. Faroe walipiga siku moja kabla, kwa sababu tarehe 1 Novemba ni siku ya kuwakumbuka waliopotelea baharini. Sjúrður Skaale wa Javnaðarflokkurin alichukua kiti kimoja, Anna Falkenberg wa Sambandsflokkurin kingine. Usiku uliofuata, kura za Denmark zilipokwisha kuhesabiwa, mrengo wa kushoto ulifika viti 90, wingi wa kiti kimoja, na kiti cha Skaale kilikuwa ndani ya hiyo tisini.