Eti ukiwapa msosi unawazoesha mtaani?

Miaka yote watu wanasema ukimpa chakula mtu anayelala nje pale Kariakoo unamlemaza, hatotoka mtaani. Sio kweli jamani. Wengi wanapiga kazi, alfajiri wanashusha magunia ya viazi, mchana wanaokota chupa za plastiki wakauze kwa kilo, ila hela yenyewe inaishia kwenye kula, na chumba hata huko uswahilini mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, sasa ataitoa wapi? Sahani ya wali maharage kwa mama ntilie haimfungi mtu barazani, inampa nguvu ya kubeba mzigo kesho. Akiwa mtoto piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure, watamuunganisha na ustawi wa jamii.