Neema katika hadithi za Flannery O'Connor

Msomaji anayeambiwa kwamba Flannery O'Connor ni mwandishi Mkatoliki wa Marekani, kisha akafungua vitabu vyake, huenda akadhani amedanganywa. Mapadre humo ni wa kuhesabu. Wamejaa wahubiri wa Kiprotestanti wenye wazimu, muuza Biblia anayeiba mguu wa bandia wa msichana, na familia nzima inayouawa msituni na mfungwa aliyetoroka. Mwenyewe alisema anachoandika ni kazi ya neema katika eneo ambalo sehemu kubwa inashikiliwa na shetani. Bila kuelewa neno hilo "neema" kama alivyolielewa yeye, hadithi zake zitabaki vioja tu.

Tuliopita katekisimu tulifundishwa neema ya utakaso na neema ya msaada. Ya kwanza hukaa rohoni. Ya pili huja kwa wakati wake, Mungu akimgusa mtu ili aone au atende jambo fulani. O'Connor anashughulika zaidi na hii ya pili. Inatolewa bure, hata kwa asiyeitaka, na mtu ana uhuru wa kuikataa. Haina uhusiano na mavuno mazuri wala biashara kuchanganya. Kwake mara nyingi inauma.

Chukua hadithi ya "Revelation", iliyotoka 1964, mwaka aliofariki. Bi. Turpin, mwenye shamba, amekaa kwenye chumba cha kusubiri cha daktari akiwapanga watu kwa madaraja kichwani mwake: Weusi, Wazungu fukara, wenye nyumba, wenye nyumba na ardhi. Anamshukuru Yesu kwa sauti kwamba amemuumba alivyo. Ghafla msichana mmoja msomi anamrushia kitabu kinachompata juu ya jicho, anamkaba koo, kisha anamwambia arudi jehanamu alikotoka, ngiri mzee yeye. Bi. Turpin anajua moyoni kwamba huo ni ujumbe. Jioni, akiwa bandani anaosha nguruwe kwa mpira wa maji, anamfokea Mungu: unajiona nani? Ndipo anaona angani umati wa roho ukipanda mbinguni. Wale aliowadharau wako mbele, wanarukaruka kama vyura. Watu wa aina yake wako nyuma kabisa, wanaimba kwa mpangilio, na nyuso zao zinaonyesha kwamba hata fadhila zao zinateketezwa.

Hizo fadhila ndizo kiini. Dhambi za Bi. Turpin zingeungamwa zikaisha. Kinachomziba ni wema wake.

Kwa nini ukali wote huo? O'Connor alijua wasomaji wake wengi hawakuamini tena alichokiamini, akasema kwamba kwa kiziwi unapiga kelele, na kwa asiyeona vizuri unachora picha kubwa za kushtua. Alikuwa Mkatoliki wa Georgia, jimbo la Wabaptisti. Ugonjwa wa lupus, ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, ndio uliomuua baba yake, na yeye ulimrudisha kwa mama yake shambani karibu na Milledgeville, akaishi huko akitembea kwa magongo na kufuga tausi, hadi alipokufa akiwa na miaka 39. Alihudhuria Misa kila alipoweza, na kabla ya kulala alisoma kidogo maandishi ya Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwanateolojia mkuu wa Kanisa katika karne ya 13. Katika karamu moja ya waandishi New York, mwenyeji alipoiita Ekaristi, mkate na divai ambavyo Wakatoliki huamini ni mwili na damu halisi ya Kristo, ishara nzuri, O'Connor alijibu kwamba ikiwa ni ishara tu, basi na ipotelee mbali. Ndiyo maana neema yake haielei hewani: inakuja kupitia kitabu kizito, na katika hadithi nyingine fahali au risasi.

Mwandishi mwenzake Walker Percy wa Louisiana, daktari aliyeingia Ukatoliki 1947, aliandika habari zilezile kwa upole: wahusika wake wanahangaika kwa uchovu wa maisha tu. Mimi namwona Percy rahisi kusomeka, lakini O'Connor ndiye asiyesahaulika.

Hilo halimfanyi mtakatifu. Barua zake zina maneno ya dharau dhidi ya Weusi, dhambi ileile ya Bi. Turpin, na nadhani aliichora vizuri hivyo kwa sababu hakuwa mbali nayo. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Loyola, Maryland, kiliondoa jina lake kwenye bweni la wanafunzi na kulipatia bweni hilo jina la Sista Thea Bowman, mtawa Mweusi kutoka Mississippi.